Kulichora Ziwa

Mwaka 2023 nilikamilisha tafsiri ya mbolezi za marehemu mama yangu kutoka Kijita kuja Kiswahili. Ni kijitabu chembamba, beti themanini na kitu za utenzi, kazi ya miaka mingi ya kuandika na kufuta. Mchapishaji aliyekubali kukitoa aliniandikia barua fupi. Maandishi yalikuwa yamempendeza, lakini kijitabu kilihitaji picha moja ya kukitangulia, picha ya ziwa, na yeye hakuwa na fungu la kumlipa mchoraji. Nikamjibu kwamba picha hiyo nitaichora mimi mwenyewe kwa rangi za maji. Nilipokuwa nikiitia saini barua ile, sikuwa nimeshika burashi tangu nilipokuwa darasa la tano. Nilikadiria kuwa kazi ingenichukua siku mbili tatu. Ilinichukua miezi saba, na ilikaribia kunigombanisha na mtu wa pekee aliyebaki hai kati ya wale tuliozaliwa naye nyumba moja.

Ujasiri ule ulitokana na historia yangu. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, usiku, kwa kuiweka tamthilia ya Shakespeare upande mmoja wa meza na Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere upande wa pili, kamusi ikiwa katikati. Nilisoma mstari huku, nikauona mwenziwe kule, nikajiuliza Mwalimu amepitia njia gani. Kwa namna hiyo nikaja kuwa mfasiri pasipo kufundishwa na mtu. Basi nikasadiki kuwa chochote kilichomo vitabuni kinaweza kupatikana kwa subira, uchoraji nao ukiwemo. Sikujua kuwa mfasiri na mchoraji wa rangi za maji hukosea kwa namna mbili tofauti kabisa, na kuwa kosa la wa kwanza lina tiba ambayo la wa pili halina.

Yafaa niseme kidogo juu ya mbolezi zenyewe. Sisi ni watu wa Majita, pwani ya Ziwa Viktoria, upande wa Musoma Vijijini. Mwaka 1977, mimi nikiwa na umri wa miaka minane, kaka yangu aliyekuwa na miaka kumi na mitano alipanda mtumbwi kwenda ng'ambo ya ghuba, gulioni. Alasiri kikaja kimbunga cha ghafla, kama vinavyokuja vimbunga vya ziwa letu, mbingu ikabadilika katika muda wa kumenya muhogo mmoja. Mtumbwi uliokotwa siku ya pili. Yeye hakuonekana. Wasomaji wa visiwani mnajua kuwa bahari hupwa na kujaa, na kwamba aghalabu mwenye kungoja ufukweni huwa na saa ya kungojea. Ziwa halina maji kupwa wala maji kujaa yenye kuonekana kwa jicho. Mama alingoja bila ya saa.

Aliimba akianika dagaa juu ya miamba, akiimba kwa sauti ndogo kama mtu anayehesabu. Sisi watoto tulisikia vipande tu. Mara ya kwanza nilipozisikia mbolezi zote tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa Mei 1996. Redio ilikuwa imetangaza kuwa meli ya MV Bukoba imezama karibu na Mwanza tarehe 21, na kila taarifa iliyofuata ilizidisha idadi ya waliokufa, ikapita mia tano, ikapita mia nane. Mama alizima redio, akakaa kizingitini, akaimba usiku kucha. Nilichukua daftari la shule la mwanangu nikaandika kwa mwanga wa kibatari kila nilichoweza kukishika. Alifariki mwaka 2009. Daftari lile ndilo asili ya kijitabu.

Katika mbolezi zote hizo mama hakumtaja mwanawe kwa jina. Alisema "yule". Nami nilipofasiri niliona hilo ni pengo. Jina la kaka yangu lina silabi nne, na kwa bahati liliingia vizuri kabisa katika kipande cha mizani nane, na vina vyake vikakubali. Nikalitia. Katika dibaji nikaandika, kwa kujiamini kwa mfasiri aliyekaa sana na kazi yake, kwamba mwimbaji alililiacha jina kwa sababu ya desturi ya maombolezo, na kwamba mfasiri amelirudisha ili marehemu apate kaburi la maandishi, maadamu la udongo hakulipata. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Sasa nirudi kwenye rangi. Nilianza kwa kisanduku cha wanafunzi nilichonunua duka la vifaa vya shule hapa Musoma mjini, vidonge kumi na viwili na burashi moja yenye nywele za kukatika. Nikakaa juu ya jiwe karibu na maji upande wa Makoko, nikatandaza karatasi ya kawaida ya kuandikia, nikapaka buluu. Karatasi ikajikunja kama jani lililopata jua. Rangi ikajikusanya mabondeni, vilimani pakabaki patupu. Baada ya robo saa nilikuwa na kitu kilichofanana na shati lililofuliwa vibaya.

Lakini lililonistaajabisha zaidi ya kukunjamana kwa karatasi lilikuwa jambo jingine. Niliinua macho nikalitazama ziwa, nikayarudisha kwenye karatasi, nikagundua kuwa sikuwa nimelitazama ziwa kabisa. Nilikuwa nimechora ziwa la kwenye ramani. Ziwa letu si buluu. Asubuhi lina rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Saa nne lina kijani cha mwani, na mvua za masika zikinyesha Mto Mara huliletea udongo, likawa na rangi ya chai. Adhuhuri halina rangi, ni mwanga tu. Kuna siku wadudu wadogo wa ziwani hupaa juu ya maji kwa mamilioni wakawa nguzo ya moshi, na chini ya nguzo hiyo maji huwa meusi. Buluu niliiona mara chache sana, tena mbali, nyuma ya mitumbwi. Mtu mwenye miaka zaidi ya hamsini kando ya maji hayo hayo, mtunga mashairi aliyeandika "samawati" mara kadhaa wa kadhaa katika beti zake, ndiyo kwanza anatambua hilo!

Nikaanza upya, safari hii kwa kusoma. Nilikuwa na kitabu kimoja cha zamani kisicho na jalada, nilichokipata kwenye meza ya mitumba. Humo nilijifunza kuwa rangi ya maji ni kitu sahili: unga wa rangi uliosagwa sana, gundi ya mgunga ya kuushikisha kwenye karatasi, na asali kidogo ili usikauke ukapasuka. Migunga ya aina mbalimbali imejaa katika mbuga zetu hadi Serengeti, na asali haijatupungukia. Lakini kisanduku changu kilikuwa kimetoka nchi za mbali. Hata karatasi ifaayo, ile nzito ya gramu 300 kwa mita mraba, hutengenezwa kwa pamba. Nilimwagiza rafiki aliyekwenda Nairobi akaniletea karatasi kumi. Nilipozishika nikakumbuka marobota ya pamba yanayotoka Bunda kila msimu, nikajiuliza ni lini na sisi tutaacha kununua kwa bei ya dhahabu kile tulichokiuza kwa bei ya majani.

Nilijifunza pia kuwa ufundi huu si mgeni kwetu kama nilivyodhani. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya mwaka 1860 hadi 1863, alipiga picha za rangi za maji tangu Unguja hadi kwenye ziwa na kuendelea hadi Misri. Nyingi zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi. Nimeziona vitabuni tu. Speke ndiye aliyelipa ziwa jina la malkia wake mwaka 1858, alipofika Mwanza, kana kwamba watu waliokuwa wakivua humo walikuwa wakivua katika kitu kisicho na jina. Grant hakulipa kitu jina. Alikuwa na kijisanduku na maji kidogo, akachora alichokiona. Wote wawili walikuwa watumishi wa shughuli ile ile, sisahau hilo, ila nikilinganisha kazi zao, ya Grant inanisumbua kidogo kuliko ya mwenziwe.

Huku kwetu tumezoea zaidi picha za aina ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi zile zing'aazo za kupakia baiskeli, juu ya vibao. Rangi hizo ni nzito. Ukikosea chui, unangoja akauke, unampaka mwenziwe juu yake. Weupe nao ni rangi, unatoka koponi. Katika rangi za maji, kama mchoraji hakuchanganya rangi nyeupe nzito, weupe hautoki popote. Weupe ni karatasi yenyewe. Panapotakiwa mwanga, mchoraji hapagusi. Kwa hiyo huna budi kujua, kabla hujalowesha burashi, ni wapi ambapo hutapaka kamwe, ukapazungukia mpaka mwisho. Ukipasahau, pamekwenda. Unaweza kufuta kidogo kwa kitambaa kibichi, lakini kivuli hubaki. Methali yetu ya maji yakimwagika hayazoleki nilikuwa nikiitumia kwa watu wazembe. Sasa naitumia kwa maji.

Nikaingia katika majaribio, na kwa miezi mitatu meza yangu ya tafsiri ikawa jiko. Kwanza nilijifunza kuitayarisha karatasi: unailowesha yote, unaibandika pembeni mwa ubao kwa utepe wa gundi, unaiacha ikauke hadi inavutika kama ngozi ya ngoma. Karatasi iliyovutwa hivyo haijikunji tena. Kisha nikajaribu kupaka juu ya karatasi kavu. Mistari ilitoka mikali, mizuri kwa miamba na kingo za mtumbwi, lakini maji yalionekana kama bati. Nikajaribu kupaka karatasi ikiwa mbichi. Rangi ikakimbia, ikasambaa yenyewe kama habari sokoni, na pale ilipokutana na rangi ya pili hapakuwa na mpaka. Hiyo ilifanana na ziwa la alfajiri. Lakini mkono wangu ulikuwa na pupa. Nilirudi kuongeza tone wakati karatasi imekauka nusu, na tone lile likaisukuma rangi hadi ukingoni, likaacha doa lenye mapindo kama ua la koliflawa. Nilipoteza karatasi tatu za pamba kwa maua hayo.

Nikajaribu chumvi. Ukiinyunyiza kwenye rangi mbichi, kila punje hunywa maji na kuisogeza rangi, na vikikauka ukavipangusa huacha nyota hafifu. Nilifurahi kama mtoto. Niliijaza karatasi nyota, nikadhani nimepata karabai za wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi. Kesho yake nikaona ni karatasi iliyougua surua. Nikajaribu nta ya mshumaa: unachora nayo mahali mwanga utakapokuwa, kisha unapaka rangi juu, na nta inaikataa. Hiyo ilinipa mmeto wa jua juu ya mawimbi kwa mstari mmoja wa mkono. Nikajaribu mswaki wa kurushia matone, nikapata mvua, pamoja na shati lililoharibika. Nilijifunza pia kuwa rangi ya maji hukauka ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mbichi, na kwa hiyo anayepaka kwa kufuata macho yake ya wakati ule atapata picha iliyofifia. Yapasa upake kwa kuthubutu, kuzidi kidogo kile unachokiamini.

Buluu ya kisandukuni niliiacha. Kuna buluu moja maarufu ambayo jina lake kwa Kilatini lina maana ya ng'ambo ya bahari, kwa sababu zamani ilisagwa kutokana na jiwe lililoletwa Ulaya kutoka milima ya Afghanistan. Ya kiwandani ilipatikana Ufaransa kati ya mwaka 1826 na 1828. Nilibakiza hiyo peke yake, kwa ule ubuluu wa mbali nyuma ya mitumbwi. Nyingine nilizitengeneza. Nilichukua udongo mwekundu wa kando ya barabara, nikauchuja ndani ya maji mara nyingi, nikausaga juu ya kipande cha kioo kwa jiwe la mviringo hadi ukaacha kulia chini ya jiwe, nikautia gundi ya mgunga na tone la asali. Masizi ya karabai yakawa weusi wangu. Rangi ile nyekundu, ikizimuliwa sana, ndiyo hasa rangi ya ziwa baada ya mvua, wala si ajabu, maana ni udongo ule ule ambao mvua huupeleka huko.

Mwezi wa tano wa kazi hii nilikwenda Butiama. Nilitaka kujifunza miamba, na hakuna mahali miamba ya matale imesimama kwa haiba kama Mwitongo, kwenye kilima cha nyumbani kwa Mwalimu, ambako mawe makubwa yameegemeana kama wazee wanaosikiliza shauri. Nilichora tangu asubuhi hadi saa sita, nikaona kuwa jiwe la kijivu lina waridi ndani yake, na kwamba kivuli chake si cheusi. Kisha nikaingia katika makumbusho yaliyofunguliwa pale mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki Mwalimu, nikatoka nikakaa si mbali na kaburi.

Nilikuwa nikifikiria Juliasi Kaizari, kitabu kilichonilea. Mwalimu aliitoa tafsiri yake kwa mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa na nchi nzima mabegani. Mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa. Kati ya matoleo hayo mawili kuna Muungano, kuna Azimio la Arusha, kuna mambo ambayo yangemtosha mtu yeyote kuwa udhuru wa kuliacha kosa la sarufi lilale lilipolala. Hakuliacha. Huo ndio uhuru wa mfasiri, nikawaza: anaweza kurudi. Karatasi yangu ya pamba haikunipa uhuru huo. Niliondoka Butiama nikijiona nimeelewa jambo kubwa, na katika mkoba wangu mlikuwa na nakala ya kijitabu, pamoja na picha niliyoiona kuwa ndiyo ya mwisho: ziwa wakati wa alasiri, wingu likishuka, na katikati mtumbwi mmoja, kijana amesimama mbele ameshika kafi. Nilimpaka kwa masizi, juu ya maji yaliyokauka, kwa mkono usiotetemeka. Nilishuka hadi barabara kuu nikapanda basi la kwenda Bunda, kumwonyesha dada yangu.

Dada yangu ana cherehani yake Bunda mjini kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na miaka kumi na minane kaka alipopotea. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaanza na picha. Alikaa nayo kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Ni yeye, dada."

"Nani kakwambia alisimama?"

Sikuwa na jibu. Akaiweka picha juu ya meza ya cherehani akachukua nakala ya maandishi. Anasoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye ubeti wenye jina akasimama. Nikaona kidole chake kimelifunika lile neno, kama mtu afunikavyo mshumaa upepo usiuzime, au usiwake, sijui.

"Hili mama hakuliimba," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za desturi, na pengo, na kaburi la maandishi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Siku ile aliyetumwa gulioni ni mimi. Mama alinipa kapu la dagaa mimi. Nilikuwa na gauni la sikukuu nalishona kwa mkono, limebaki upindo. Nikamwambia yeye, nenda wewe, nikikuona umerudi nitakushonea mfuko kwenye kaptula yako, maana ulikuwa umetoboka. Akacheka, akachukua kapu." Nje basi lilikuwa linapiga honi kuita abiria wa Mwanza. Akangoja limalize. "Mama alijua. Nilimwambia usiku ule ule. Hajanisema hata siku moja, mdogo wangu. Ila jina lile hakulitaja tena nikiwa karibu, mpaka anakufa. Na baadaye hata nisipokuwepo. Alisema 'yule'. Wewe ulidhani mama amesahau jina la mwanawe?"

Sikudhani amesahau. Nilidhani vibaya zaidi ya hapo. Nilidhani ameniachia mimi nafasi ya kulijaza.

Tulinyamaza muda mrefu. Nikamwomba radhi, akaniambia, "Hujakosa, hukujua," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua. Usiku ule nililala kwake. Sikupata usingizi. Nilimfikiria mama aliyebeba misiba miwili kwa wakati mmoja, wa mtoto aliyekwenda na wa mtoto aliyebaki, akatunga kwa ajili ya wa kwanza wimbo ambao wa pili angeweza kuusikia bila kuumia. Nimewasoma washairi wengi, wa mwambao na wa ng'ambo. Sijaona tena hesabu ya neno moja iliyofanywa kwa upole kiasi kile kwa muda wa miaka thelathini na miwili. Nami kwa sababu ya silabi nne na kina kilichokubali, nilikuwa nimeivunja.

Maandishi niliyarekebisha asubuhi, mezani kwake, kwa kalamu yake ya kuwekea alama nguo. Hiyo ndiyo tiba niliyoisema mwanzoni, ambayo mfasiri anayo. Nilifuta jina kila mahali lilipokuwa, nikafuta na ile sentensi ya dibaji niliyoipenda. Ubeti ule sasa unasomeka hivi:

Maji hayana kaburi,
Wala hayana habari,
Yule aliyesafiri,
Yamrejeshe nyumbani.

Picha haikuwa na tiba. Nilijaribu kumfuta kijana kwa kitambaa kibichi, lakini masizi ni kitu king'ang'anizi. Alibaki kama moshi, akawa mwenye kutisha kuliko alipokuwa kamili. Nikaacha.

Nilirudi Musoma, nikavuta karatasi ya mwisho kati ya zile za Nairobi juu ya ubao. Safari hii sikuichora kwanza kwa penseli. Nilipatafuta mahali pa mtumbwi, kidogo chini ya nusu, kushoto, nikapachora kwa nta ya mshumaa, umbo refu la mtumbwi na si mtu. Kisha nikailowesha karatasi yote, nikaachia udongo mwekundu na ubuluu mchache na masizi ya wingu, nikauinamisha ubao, nikakaa mikono magotini ili nisiguse. Ilikuwa vigumu mno kutogusa. Rangi ilishuka, ikazunguka mahali pale, ikapaacha. Palipokauka palibaki peupe, umbo la kitu kilichopita juu ya maji au la mwanga ulioangukia maji. Halikuwa safi, kwenye ncha moja nta ilikuwa nyembamba na rangi imepenya kidogo. Sikupasahihisha.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea dada picha ile kabla ya kuituma kwa mchapishaji. Nilimwuliza kama kijitabu kitoke au kisitoke, nikamwambia kwa moyo mweupe kuwa akisema kisitoke, hakitatoka. Aliitazama picha akauliza hiyo nyeupe nimepaka rangi gani. Nikamweleza kuwa sikupaka, ni karatasi. Akatikisa kichwa. "Basi kitoke," akasema. "Na hilo la gauni, uliandike mahali. Mimi sina wa kumwandikia. Ila jina uliache." Ndiyo maana nimeyaandika haya, na ndiyo maana jina hamkulikuta.

Nilipokuwa nafunga mkoba aliniuliza iko wapi ile picha ya kwanza, yenye mtu. Nilikuwa nayo, nimeikunja nusu, nikidhamiria kuwashia moto. Akainyoosha kwa kiganja juu ya meza, akapitisha ukucha kwenye mkunjo kama afanyavyo kwenye upindo wa nguo. Halafu akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akaiweka humo pamoja na vifungo na bobini zake, akaurudisha, akaanza kushona.